Kamera za vyuo vikuu zigeuzwe kutoka meza kuu

Msimu wa mahafali ukiingia, Novemba na Desemba, kurasa za vyuo vikuu vyetu kwenye YouTube, Facebook na Instagram huwa hewani kutwa nzima. Maandamano ya kitaaluma yanaingia ukumbini kwa madaha, bendi inapiga, mshereheshaji anataja vyeo kimoja baada ya kingine mpaka mtazamaji anaanza kupiga miayo, kisha kila anayeshika maiki anatuhakikishia kwamba itifaki imezingatiwa. Chini ya picha maoni yanamiminika: hongera mwanangu, hongera dada, tunawaona kutoka Muscat, mbona picha imeganda, jamani uhandisi bado?

Sina ugomvi na matangazo hayo. Hakuna ukumbi Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala unaoweza kubeba koo zote za wahitimu elfu kadhaa, na kwetu shahada ya mtu mmoja ni ya ukoo. Shangazi aliyeolewa Muscat anamwona mtoto wa kaka yake akitunukiwa Unguja. Kaka anayefanya kazi ya zamu Minneapolis anachungulia simu saa saba za usiku, wakati huku ni saa nne asubuhi. Janga la Uviko-19 lilionyesha pia kwamba mtandao unaweza kuiokoa sherehe nzima: Septemba 2020 Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatunuku wahitimu wake kwa njia ya mtandao, na Mei 2021 Makerere kikaita wachache tu ukumbini, walio wengi wakafuatilia wakiwa majumbani. Kurusha mahafali ni wema, na wema hausemwi vibaya.

Tatizo linaonekana ukizifuatilia kurasa hizo mwaka mzima. Kamera ya chuo inajua njia moja, ya kwenda meza kuu. Waziri akizuru, ipo. Utepe ukikatwa, ipo. Hati ya makubaliano ikitiwa saini na watu wawili wanaotabasamu, ipo, tena kwa pembe tatu. Lakini mhadhara wa hadhara uliotikisa ukumbi, kongamano ambalo wanazuoni wawili wameshikana mashati kwa hoja, au mdahalo wa wagombea wa serikali ya wanafunzi, mara nyingi huishia kuwa picha nne na maelezo ya mistari miwili kwamba washiriki walijadili masuala mbalimbali. Masuala yapi? Nani alimpinga nani, kwa ushahidi gani? Aliyekuwa nje ya ukumbi hatajua. Vyuo vyetu vinarusha sherehe na kuificha kazi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, hakikupata jina duniani kwa uzuri wa majoho. Kilipata jina kwa mabishano. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa mchapishaji wa London na Tanzania Publishing House ya hapa hapa. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walianzisha jarida la Cheche mwaka 1969. Mwaka uliofuata likapigwa marufuku. Mwaka huohuo wa 1970 Rodney alikwenda Makerere kujibizana na mwanazuoni Ali Mazrui, na mdahalo huo bado unatajwa kila wanazuoni wa Afrika Mashariki wanapoizungumzia enzi hiyo.

Tunayajua hayo kwa sababu waliokuwepo waliandika. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wa Cheche, alikuja kuhariri kitabu kizima cha kumbukumbu za jarida hilo miongo minne baadaye. Lakini mwalimu wa Songea, karani wa reli wa Tabora na mkulima wa kahawa wa Bukoba, ambao jasho lao liliujenga Mlima ule, walisikia mwangwi tu, kama walisikia chochote. Hawakuwa na njia ya kuingia ukumbini. Hata mwaka 2009, Kigoda cha kitaaluma cha Mwalimu Nyerere kilipomleta mwandishi Wole Soyinka Mlimani katika tamasha lake la kwanza la kitaaluma, kuurusha ukumbi hewani kulihitaji gari la matangazo na mafundi wa kituo cha televisheni. Facebook ilikuja kufungua huduma ya mubashara kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016. Tangu hapo kila mwenye simu janja na bando ana kituo cha matangazo mfukoni.

Mwaka huohuo wa 2016 Watanzania tulikuwa na ugomvi wetu wenyewe kuhusu neno mubashara. Januari, Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, takriban shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani wakapinga, kikao kikachafuka, polisi wakaingia ukumbini. Wananchi wengi hawakuisikiliza sana hoja ya fedha. Walichohoji ni nani atakayechagua wanachokiona, kwa kuwa badala ya kikao kizima walikuwa sasa wanaahidiwa muhtasari uliokwisha kuhaririwa. Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wasomi na wanafunzi wa vyuo. Walikuwa na haki. Basi kipimo kile walichokitumia kwa Bunge tukitumie pia kwa vyuo.

Na vyuo, tofauti na TBC ya wakati ule, haviwezi kujificha nyuma ya gharama. Simu moja nzuri, mguu wa kuisimamishia, waya wa kuchukua sauti kwenye miksa na mtandao wa chuo wenyewe vinatosha kurusha mhadhara wa saa mbili. Vyuo kadhaa vina zaidi ya hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani TV na redio yake, chini ya Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Vyuo vinavyofundisha utangazaji vina wanafunzi wanaohangaika kila mwaka kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, huku ukumbi wa jirani una mdahalo usiorekodiwa na mtu.

Kinachozuia ni hofu, na nisingependa kuidharau. Mhadhiri anajua kwamba sentensi aliyoitoa dakika ya arobaini ili kuchokoza ukumbi inaweza kukatwa ikawa kipande cha sekunde ishirini, kikapachikwa kichwa cha uongo, kikafika kwenye WhatsApp ya mkubwa fulani kabla mwenyewe hajashuka jukwaani. Mwanafunzi anajua kwamba swali lake kali litabaki na jina lake siku atakapoomba kazi. Sheria nazo hazitanii: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Uganda iliitumia ya kwake ya 2011 dhidi ya Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Makerere, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 Agosti 2019 kwa shairi aliloliweka Facebook kumhusu Rais Museveni. Mahakama Kuu iliifuta hukumu hiyo Februari 2020, lakini alikuwa amekwisha kukaa gerezani. Anayemwambia msomi aliyeyaona hayo asiogope, anamwambia maneno mepesi.

Hata hivyo hofu hiyo, ukiipima vizuri, inadai rekodi rasmi badala ya kuikataa. Ukumbi usio na kamera ya chuo leo si ukumbi usio na kamera. Una simu mia tatu mikononi mwa watu mia tatu, na kila mmoja atarekodi kile kilichomfurahisha au kumuudhi. Kipande kikianza kuzunguka, mzungumzaji hana cha kuonyesha isipokuwa kiapo chake kwamba hakusema hivyo, au alisema lakini alikuwa ananukuu, au alisema kisha akajipinga mwenyewe dakika tano baadaye. Rekodi nzima ya chuo, yenye saa na dakika, ndiyo shahidi wake. Chuo kinachozima kamera kikidhani kinamlinda mhadhiri wake kinamwacha mikononi mwa yeyote mwenye programu ya kukata video.

Hii haina maana kamera iingie kila mahali. Darasa la semina liachwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana haki ya kuuliza swali la kijinga, akasahihishwa, akacheka na wenzake, yakaisha hapo. Profesa naye ana haki ya kujaribu wazo ambalo halijaiva. Bweni, zahanati, ofisi ya ushauri nasaha, kikao cha nidhamu na foleni ya wanaofuatilia mikopo yao si maudhui ya mtu. Hapo baadhi ya kurasa za vyuo zimekuwa nyepesi kupita kiasi: kijana anapigwa picha akiwa amechoka, amelala maktaba au analia kwa furaha, kesho anajikuta kwenye tangazo la kuvutia waombaji wa udahili bila mtu kumuuliza.

Sheria zimeanza kuuma upande huo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua dhidi ya chuo kikuu kimoja kilichotumia picha ya mhitimu kujitangazia bila ridhaa yake, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kuifuata si kazi ngumu. Weka tangazo mlangoni na kwenye kadi ya mwaliko kwamba tukio linarushwa. Tenga safu za viti ambazo kamera haizigusi. Muulizaji aruhusiwe kuuliza bila kutaja jina. Kikao cha faragha kitangazwe mapema kuwa ni cha faragha, ili watu wasije wakaona kimefungwa baada ya mtu mkubwa kuudhika.

Wapo watakaosema wananchi hawana haja ya mabishano ya wasomi. Mahafali yanatazamwa na maelfu, mhadhara na watu arobaini. Huenda. Lakini tuulize kwanza mhadhara huo ulirushwa namna gani. Mara nyingi simu inasimamishwa nyuma kabisa ya ukumbi, inanasa feni na viti vinavyoburutwa kuliko sauti ya mzungumzaji. Slaidi hazisomeki. Muulizaji hakupewa maiki, kwa hiyo mtazamaji anasikia jibu bila swali. Hakuna tangazo lililotolewa mapema, na kichwa cha video ni jina la jengo na tarehe. Aliyevumilia dakika kumi za namna hiyo akaondoka hajaikataa elimu. Amekataa kazi mbovu.

Kuna pia suala la bando, ambalo wakubwa wenye intaneti ya ofisini hulisahau. Picha inayotumia megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si picha ya kujivunia, hula takriban megabaiti 450 kwa saa. Tukio la saa tano linapita gigabaiti 2. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 30 kwa saa, na saa tano zote hazifiki 150. Mhadhara ni jambo la kusikiliza. Chuo kikitoa sauti tupu sambamba na video, mwalimu wa sekondari Tunduru ataufuatilia hadi mwisho kwa fedha ambayo video ingeimaliza kabla mgeni hajakaribishwa jukwaani. Sisi ni watu wa redio, tumelelewa na redio, na sikio letu halijachoka.

Na lugha je? Mihadhara mingi hutolewa kwa Kiingereza. Mimi siwadai maprofesa wabadili lugha usiku mmoja, ingawa wengi wao wakitoka nje ya ukumbi huielezea hoja ileile kwa Kiswahili kitamu zaidi. Nadai dakika kumi za mwisho. Mwanafunzi wa uandishi wa habari asimame mbele ya kamera aeleze kwa Kiswahili kilichosemwa, kilichopingwa na kilichobaki bila jibu. Watangazaji wetu wa mpira wanaufanyia mchezo wa dakika tisini kazi hiyo bila kupoteza jina la mchezaji mmoja. Wanafunzi wanaosomea fani hiyohiyo hawashindwi kuifanyia hoja tatu za mhadhara.

Tukisharusha, rekodi inakaa wapi? Vyuo vingi vimeifanya mitandao ya kijamii kuwa ghala. Februari 2025 Facebook ilianza utaratibu mpya: video mpya ya mubashara inabaki kwenye ukurasa kwa siku 30, kisha inafutwa, zile za zamani nazo wenyewe wakapewa muda wa kuzipakua kabla ya kuondolewa. Ofisi ya uhusiano ambayo haikusoma ujumbe ule inaweza kuwa imepoteza miaka ya matukio bila kusikia hata mlango ukifungwa. Serikali nazo zina swichi zao. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu. Tanzania iliuzuia mtandao wa X Mei 2025. Chuo kilichoweka hazina yake yote kwenye nyumba ya kupanga kisishangae siku kufuli linapobadilishwa.

Dawa ipo chuoni, na jina lake ni maktaba. Mkutubi ndiye mtu aliyesomea kutunza, kupanga na kuweka maelezo ili kitu kipatikane baada ya miaka thelathini. Kila rekodi ya tukio la hadhara ipelekwe kwake ndani ya wiki moja, ikiwa na jina la mzungumzaji, mada, tarehe na lugha iliyotumika. YouTube na Facebook zibaki kuwa mlango wa mbele wa kuingizia wageni. Kama Cheche ingetegemea ukurasa wa mtandao wa kampuni ya ng'ambo, Hirji na wenzake wangekuwa na nini cha kurejea walipokaa kuandika?

Nani ashike kamera? Ofisi ya uhusiano kazi yake ni kulinda sura ya chuo, na haina budi kuifanya. Kwa sababu hiyohiyo haifai kuwa mwamuzi pekee wa kinachorushwa. Wanafunzi wapewe nafasi, chini ya wahadhiri wa fani hiyo na kanuni zilizoandikwa. Ndani ya mwavuli wa chuo watakuwa salama zaidi kuliko wakijianzishia chaneli zao. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya leseni ya shilingi milioni 1 pamoja na shilingi 100,000 za maombi. Zimeandikwa upya tangu hapo, ila funzo lilishaingia: kijana wa mwaka wa pili anayeishi kwa fedha ya kujikimu hawezi kuwa mmiliki wa kituo. Chuo kinaweza. Na uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ndio mahali pazuri pa kuanzia. Mdahalo wa wagombea na zoezi la kuhesabu kura vikirushwa vyote viwili, mwanzo hadi mwisho, uvumi wa kura zilizoongezwa utakosa pa kusimama, na kizazi kitahitimu kikiwa kimezoea kuona matokeo yakijumlishwa hadharani.

Haya yote yanaweza kumalizwa na baraza la chuo katika kikao kimoja, kwa waraka wa ukurasa mmoja: kila mhadhara wa hadhara, kongamano na mdahalo unarushwa kwa video na kwa sauti, labda itolewe sababu ya maandishi ya kutorusha, darasa na maisha binafsi ya wanafunzi hayaguswi, rekodi nzima inaingia maktaba na haihaririwi kumfurahisha mtu. Kila mwaka wakuu wa vyuo husimama kuiomba Serikali na wananchi fedha zaidi za utafiti, na hulalamika kwamba umma hauthamini kazi za wasomi. Umma hauwezi kuthamini ubishi ambao haujawahi kuusikia. Waraka ukipita kabla ya mahafali yajayo, ombi la mwaka ujao litakuwa na ushahidi wa kuambatanisha.